Waliobaki Ban Hat Kham

Asubuhi hiyo Khamphet alipakia botini maji ya kunywa, ndizi za wageni, mikeka ya kukalia, na wavu wa kuchotea dagaa ambao mpini wake ulikuwa umefungwa blauzi ya mama yake. Wavu aliuegemeza nyuma, karibu na injini, mahali ambapo Mjomba Thit angeuona.

Mjomba Thit, nahodha, aliuona. Alilowesha kitambaa, akafuta omo ya boti, akaondoa maua ya jana na kufunga mapya. Kisha akainama, akamwambia mwenye boti, yule mama asiyeonekana akaaye omoni, kwamba leo mzigo huenda ukawa mzito na asichukie.

"Wageni umewaambia?" aliuliza alipomaliza.

"Nimewaambia tunakwenda mapangoni na hekaluni. Si ndiko tunakokwenda?"

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Wageni hawakuwa wengi. Alikuwapo mzee mmoja na mkewe kutoka nchi za baridi, na mwanamke mwenye kofia pana aliyekuwa akisafiri peke yake. Khamphet aliwafungia majaketi ya kuelea, akawaomba kwa adabu wasikanyage omo. Mzee akaikanyaga. Kila siku hapakosi mmoja.

Kazi hii ya kutembeza wageni Khamphet hakuzaliwa nayo. Alikuwa mfumaji, na mfumaji mzuri, sketi zake zilivaliwa na maharusi wa mji mzima. Lakini tangu bwawa lijengwe na maji yapande, boti za watu wa kawaida zilikatazwa kupita juu ya Ban Hat Kham, kijiji chao cha zamani kilichozama. Zilizoruhusiwa ni boti za wageni tu, tena ziwe na mwongozaji mwenye kitambulisho kifuani. Basi Khamphet akamwachia mpwa wake kitanda cha kufumia, akajifunza lugha ya wageni kwa redio, akaenda kwenye mtihani, akafeli. Akarudi, akafeli tena, na mtahini mmoja akamcheka waziwazi kwa jinsi alivyotamka "pango". Akarudi tena. Majirani walisema tamaa ya pesa za wageni imempanda kichwani. Wao hawakujua kwamba alikuwa akitafuta njia ya kufika juu ya jiko la mama yake.

Mama huyo, Mama Bounnyong, hakuwa akila. Si kwamba alikataa chakula. Aliweka tonge la wali mdomoni, halafu akasahau kulimeza, na jioni Khamphet alilikuta tonge lile lile shavuni. Akikalishwa kitini asubuhi, giza lilimkuta hapohapo. Daktari alimpima kila mahali, akampa vidonge vya kuongeza nguvu, na sasa mwili wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba Khamphet alimwinua kwa mkono mmoja, na kila akimwinua moyo ulimwuma.

Huko kwenye makazi mapya, juu ya kilima cha udongo mwekundu, watu wote walikuwa hivyo kwa kiasi chao. Mtu aliitikia salamu baada ya aliyemsalimu kupita na kwenda zake. Wali uliungua hakuna aliyesikia harufu. Tangu siku ya kuhama hakuna mtu aliyelia hata mara moja, na maofisa waliwasifu sana, wakasema watu wa Ban Hat Kham wamezoea upesi kuliko vijiji vyote.

Sababu ilijulikana. Mtu akihama, roho yake huitwa. Huitwa kwa jina lake, mbele ya yai na wali wa kunata, kisha hufungwa uzi mweupe mkononi ili isirudi nyuma. Kuita kijiji kizima namna hiyo ni kazi ya kutwa, tena kwa vinywaji. Siku ile malori yalikuwa yamekwisha kuwashwa. Mkuu wa kijiji, Phothong, ambaye alipenda maofisa wamwone ni mtu mwepesi wa kazi, alitandika sinia moja tu chini ya ngazi za hekalu, akapaza sauti, "Watu wote wa Ban Hat Kham, haya, twendeni." Roho ya mtu haiitiki jina la kijiji. Watu wakapanda malori wakaondoka, na roho zikabaki zimekaa kwenye ngazi za nyumba zao, zikingoja zamu. Kisha maji yakaja.

Boti ilifika juu ya kijiji cha zamani kabla jua halijawa kali. Paa la hekalu la zamani lilikuwa nje ya maji, na ndege wawili aina ya mnandi walikuwa wameketi kwenye pembe zake wakianika mabawa. Kwa kawaida hapa Khamphet aliwaambia wageni maneno aliyofundishwa, kwamba wanakijiji walihamishiwa mahali pazuri zaidi. Leo hakuyasema.

"Zima injini, Mjomba."

"Hapa haturuhusiwi kusimama."

"Injini imeharibika."

Mjomba Thit akaizima. "Imeharibika," akawaambia wageni kwa lugha yao. Katika lugha hiyo neno hilo ndilo alilolijua vizuri kuliko yote.

Khamphet alifungua blauzi ya mama yake kwenye mpini, akaitandika ndani ya wavu, akaweka juu yake yai, tonge la wali na ndizi moja ya wageni. Akapiga magoti ubavuni mwa boti.

"Bounnyong," aliita, "binti wa Sisouk, mke wa marehemu Khamtan, mama yangu mimi. Njoo. Umekaa majini vya kutosha. Nyumba niliyonayo ni mbaya, lakini mimi nimo."

Akachota. Wavu ukatoka na yai, wali na ndizi. Akaita tena, akachota tena. Mkono ukaanza kumwuma na mgongo ukamwuma, mke wa mzee akauliza kama wanavua samaki, na Khamphet akaendelea kuchota. Hakusoma lugha ya watu usiku na mchana ili arudi nyumbani na ndizi.

Hatimaye wavu ukawa mzito. Mama Bounnyong wa majini alipanda ameshika mpini, sketi imemlowa hadi kiunoni, nywele zake nyeusi kama zilivyokuwa siku ya kuhama. Uso wake ulikuwa umekasirika.

"Umechelewa," alisema.

"Walinifelisha, mama. Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Matamshi."

"Nilikwambia tangu mdogo, fungua mdomo ukisema." Akainama kidogo kuelekea omoni kumsalimu mwenye boti, kisha akapita na kukaa karibu na mwanamke mwenye kofia. Mwanamke alisogea kumpisha, akampa taulo.

Khamphet alikuwa ameanza kukunja blauzi aliposikia mtu akikohoa. Karibu na paa la hekalu kulikuwa na vichwa juu ya maji, vingi, na cha mbele kilikuwa cha Chanh, jirani yao wa tangu zamani.

"Kwa hiyo unamchukua mamako unakwenda zako," alisema Chanh. "Sisi utuache tuote ukoga."

"Shangazi, yai ni moja."

"Nani kakuuliza mayai? Sisi tunataka kuitwa. Au umeshasahau majina ya watu, siku hizi unazungumza na Wazungu tu?"

Khamphet hakuwa amesahau jina hata moja. Alizaliwa kwenye kijiji kile, na nusu ya watoto wa hapo aliwapokea yeye walipozaliwa. Aliwaita mmoja mmoja, kwa jina la mtu na la baba yake. Wengine walidai na jina la utani liongezwe, na fundi seremala mmoja alikataa kupanda mpaka aitwe kwa jina alilokuwa nalo alipokuwa mtawa. Wote walipita wavuni, na hakuna aliyekanyaga omo. Mzee wa nchi za baridi alisimama akampa Chanh kiti chake. Mkewe aligawa ndizi. Majaketi ya kuelea hayakutosha, ila wale waliotoka majini hawakuyadai.

Mjomba Thit alikuwa akitazama ukingo wa boti ukishuka. "Khamphet," alisema, "ukiita wengine wengi tutashuka sisi tukakae kwao."

"Amebaki mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa ameketi juu kabisa ya paa, amewapa mgongo, amevaa shati lake la mikutano.

"Yule mwache," alisema Chanh. "Alituswaga kama ng'ombe."

Khamphet alimtazama Phothong. Alimchukia, na hakuona haya kumchukia. Alifikiria kumwacha pale samaki wamle vifungo. Halafu akamkumbuka Phothong wa nchi kavu, anavyokaa mlangoni akitazama ukuta, na mkewe anavyomfungia shati kila asubuhi bila kuambiwa asante.

"Phothong, mwana wa Inpeng!" aliita, kwa sauti isiyokuwa ya upole. "Panda. Na usikae karibu yangu."

Phothong alipanda, akakaa chini kando ya injini. Mjomba Thit akamtupia kopo, akamwambia kama ana mikono basi akumbe maji yaliyoingia botini. Akayakumba njia yote.

Walikwenda mapangoni, kwa kuwa ndiyo safari waliyoahidiwa wageni. Sanamu za Buddha za hekalu la zamani zilikuwa zimehamishiwa humo kabla ya maji, zikapangwa kwenye kingo za mwamba kama walivyoona wapagazi, ndogo nyuma ya kubwa, nyingine zikitazama ukuta. Watu wa Ban Hat Kham walipanda ngazi za mawe wakiacha nyayo za maji. Walipiga magoti kwanza. Kisha wakaanza kuzigeuza zile zilizotazama ukuta, wakazipangusa kwa ncha za nguo zao, wakabishana ipi ilitolewa na babu wa nani. Mama Bounnyong aliipata ya kwao, ya mbao, haizidi kimo cha chupa, akaisogeza mbele kidogo ipate mwanga.

Mzee aliuliza kama hawa nao ni sehemu ya ziara. Khamphet alimwambia ndiyo. Mzee akasema ziara ni nzuri.

Jioni, gari la abiria liliwapandisha kilimani, na kila mmoja akashuka kwenye mlango wake. Khamphet alimwongoza mama yake wa majini hadi kwenye kile kiti, alikokuwa ameketi mama yake mwingine tangu asubuhi. Yule wa majini akakaa palepale. Khamphet akaufunga uzi mweupe mkononi, akakaza fundo, na kitini alikuwapo mtu mmoja, sketi imelowa hadi kiunoni.

Mama Bounnyong akameza tonge la asubuhi.

"Nani kapika wali huu?" aliuliza. "Umeungua."

"Mimi, mama."

"Na pilipili iko wapi? Siku hizi tunakula kama wagonjwa?"

Khamphet alileta pilipili ya kutwanga na samaki wa kuchacha, akaketi sakafuni akimtazama mama yake akila, akimega na kuchovya na kulaumu. Alikuwa na furaha. Kikapu cha wali kilipokwisha, Mama Bounnyong alinawa, akasimama kwa miguu yake, akaenda mlangoni.

Akaangalia nje. Nyumba zilisimama kwa mistari, zote sura moja, na mbele ya kila moja udongo mwekundu. Mti hakuna. Bomba la maji lilikuwapo, kavu, na kuku wamelalia juu yake. Aligeuza kichwa upande mmoja, akageuza na upande wa pili, kama mtu anayetafuta kiatu cha pili.

"Mto wameupeleka wapi?" aliuliza.

Mama Bounnyong akakaa kizingitini, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha siku ya kuhama, ambacho siku ile hakuweza kukilia kwa sababu roho yake haikuwa naye. Kutoka nyumba ya pili Chanh akaanza. Kilio kikaenda mstari kwa mstari, nyumba hadi nyumba, na kabla giza halijaingia kilima kizima kilikuwa kinalia. Phothong alitoka akasimama katikati ya barabara, shati limefungwa sawasawa, akalia mahali ambapo kila mtu angemwona.

Khamphet alikaa kando ya mama yake, akamshika ule mkono wenye uzi. Alijiuliza kama amemtendea wema, na alijua angerudi kumchota hata kesho.

Asubuhi ofisa mmoja alifika, amesikia habari za kelele. Alieleza, bila hasira, kwamba maji hayatashuka, wala sheria ya boti haitabadilika. Watu walimsikiliza hadi mwisho. Sasa walikuwa wanasikia vizuri.

Alipoondoka, Mama Bounnyong alivaa ile blauzi, akachukua wavu.

"Boti yako inaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini mama, boti ni ya wanaotembezwa."

"Basi nitembeze. Nimefika huku jana tu."

Bandarini walikuta kijiji chote kimejipanga, na vikapu vya wali mikononi. Mlinzi alisema sheria inaruhusu tu wenye mwongozaji. Khamphet alionyesha kitambulisho chake kifuani. Mlinzi alikisoma pande zote mbili, kisha akaanza kugawa majaketi ya kuelea, na Mjomba Thit akainama kuzungumza tena na mwenye boti.

Paa la hekalu lilikuwa palepale, na maji yalikuwa palepale, hayakupungua hata kidogo. Injini ikaharibika. Wageni wapya wawili waliokuwa mbele walitoa kamera zao. Mama Bounnyong alijivuta hadi ubavuni mwa boti, akaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akaelekeza chini kwa kidole.

"Hapa ndipo jikoni kwangu," alisema.

Khamphet akawatafsiria.