Bi Winifred Kwenye Maegesho ya Msitu

Jumamosi asubuhi, mwezi wa Mei, Bi Enid Cotterill alifika kwenye maegesho ya msitu wa Pensworth na mbwa wake, akafunga fundo kwenye kimfuko cha kinyesi, akasema, "Samahani, Winifred." Winifred Stubley, aliyekufa Novemba ya mwaka juzi, akasogea pembeni ili pipa lipate kufunguka.

"Kumepoa," alisema Bi Enid.

"Afadhali ya jana," alisema Bi Winifred.

"Jana haikuwa na adabu kabisa."

Mazungumzo yao yalikuwa hayo siku zote. Bi Winifred alivaa sweta ya kijivu na viatu vya kitambaa vya nyumbani, maana ndivyo alivyovaa siku aliyoanguka jikoni kwake. Mke wa mwenye bucha alikuwa amemletea koti la mvua, akamvalisha na kumfunga vifungo bila kuuliza kitu. Nani angeuliza? Sisi watu wa Pensworth tunaweza kuona paa la jirani linaungua tukamwambia leo kuna joto.

Si kwamba hatukujua. Bi Winifred aliacha neno kwamba akifa achomwe, na majivu yake yapelekwe katikati ya msitu, chini ya mwaloni mkubwa. Huko ndiko alikoyapeleka mwenyewe majivu ya mumewe Harold, akitembea na magongo yake mawili, na alipofika alimwambia Harold asubiri, yeye atafuata. Kazi ya kumfikisha ilimwangukia mwanawe Malcolm. Binti yake Bridget alikuwa New Zealand, amelazwa, ndiyo kwanza amewekewa nyonga ya chuma.

Siku hiyo mvua ilinyesha na njia yote ilikuwa matope. Malcolm alivaa viatu vizuri vya ngozi, na kuna mahali alialikwa chakula cha mchana. Alisimama kwenye maegesho akatazama huku na huku. Kisha akammwaga mama yake nyuma ya pipa jekundu la kinyesi cha mbwa, akakung'uta chombo kwenye nguzo ya ubao wa ramani, akaingia garini na kuondoka. Hakuona mtu. Lakini Bi Enid alikuwa ndani ya gari lake pembeni, anakunywa chai akingoja mvua ipungue, na vioo vilikuwa vimeingiwa na ukungu, ila pale alipopafuta kwa kiganja. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema. Ya Bi Winifred aliijua Bi Enid, na Bi Enid anajuana na kila mtu.

Wiki haikuisha, Bi Winifred akaonekana amesimama pale. Aliweza kufika hadi kwenye ubao wa ramani, kwa kuwa upepo uliyapeleka majivu yake hadi pale, na akifuata mtaro aliweza kushuka karibu na barabara, kwa kuwa mvua nayo ilichukua sehemu yake. Upande wa msituni hakuweza hata hatua moja.

Kamati ya kijiji iliwahi kutaka kuzungumzia kulihamisha lile pipa. Bahati mbaya mwenyekiti wa kamati ni Malcolm. Jambo hilo likasogezwa kikao kijacho, na kikao kijacho likasogezwa tena. Funika kombe mwanaharamu apite, na tukafunika kombe hivyo kwa ustaarabu mkubwa, na kila asubuhi tukamwomba Bi Winifred samahani na kutupa mizigo ya mbwa wetu miguuni pake.

Lazima niseme, Malcolm alijaribu. Majira ya baridi ya kwanza alikuja alfajiri na sepetu na ndoo. Mama yake alimtazama akichimba. Alichopata kilikuwa kokoto, vichungi vya sigara na kifuniko cha chupa, na kabla hajaendelea akatokea mzee mmoja na mbwa, akamuuliza kama kuna tatizo. Malcolm akasema ameangusha funguo. Yule mzee ni mtu mwema. Alipiga magoti kwenye baridi akamsaidia kutafuta, na Malcolm akatafuta naye, na funguo zikiwa mfukoni mwake, mpaka mzee akasema, pole sana, huenda ndege amezichukua. Tangu siku hiyo Malcolm hakutia mguu kwenye maegesho yale. Akitaka kuingia msituni alizungukia chini, kupitia shamba la ng'ombe.

Bridget alipompigia simu kumuuliza ilikuwaje, alimwambia jua lilitoka kidogo. Akamwambia kuna ndege aliimba. Bridget akalia, akamwomba asimulie tena siku nyingine, na kila aliposimulia aliongeza kitu: mara alisimama pale saa nzima, mara aliushika mwaloni akalia. Mtu hadanganyi mara moja akapumzika. Uongo nao unataka kulishwa.

Sasa Jumamosi hii Bridget alikuwa amefika. Alishuka kwenye gari la kaka yake kule chini, mbele ya shamba la ng'ombe, akaitazama ngazi ya mbao ya kuvukia ua.

"Hii ndiyo njia?"

"Huku kunapendeza zaidi," alisema Malcolm.

Bridget alipandisha mguu kwenye kidato cha kwanza. Nyonga ikagoma. Akajaribu upande wa pili, akashika nguzo, akashuka.

"Malcolm, mimi si mbuzi. Twende kule kwenye maegesho kama watu. Kwani pamefungwa?"

"Hapajafungwa."

"Basi?"

Malcolm akawasha gari.

Walipoingia kwenye maegesho tulikuwa watu kadhaa, maana ni majira ya maua ya buluu na kila mtu hutoka. Bridget alimwona mama yake hata kabla gari halijasimama. Alishuka akaenda kwake taratibu, kwa ajili ya nyonga.

"Mama."

"Bridget. Umekonda."

"Nimenenepa, Mama."

"Basi ni hilo koti."

Wakakumbatiana kidogo, kwa namna ya ukoo wao, watu wasiokumbatiana sana. Bridget akamtoa mama yake jani begani, akatazama lile pipa, akatazama kibao chenye picha ya mbwa.

"Mbona uko hapa? Malcolm alisema uko… alisema alikufikisha kwa Baba."

Bi Enid akainama kuikagua kola ya mbwa wake. Bwana mmoja akageukia ubao akaanza kusoma ramani ya msitu aliokulia. Hakuna aliyeondoka. Tulikuwa tumengoja siku hii tangu Novemba ile, na ilipofika kila mmoja wetu alitamani angekuwa kwake anaosha vyombo.

Malcolm alikuwa mwekundu uso mpaka masikioni. Akafungua mdomo. Nasema haki yake: aliufungua kweli, na neno lilikuwa linakuja, tuliliona.

"Huwa nashuka asubuhi," alisema Bi Winifred. "Unanijua, mimi napenda watu. Baba yako hapendi watu. Kule juu huniongelesha habari za ndege tu kutwa nzima."

Bridget akacheka. "Hilo kweli kabisa."

Malcolm akafunga mdomo. Mama yake hakumtazama. Angemtazama ingekuwa afadhali.

"Haya, twende wote," alisema Bridget.

"Tangulieni. Mimi na miguu hii nitawachelewesha."

"Nitakushika mkono."

"Bridget," alisema Bi Winifred, kwa ile sauti aliyoitumia walipokuwa wadogo mbele ya wageni, "nimesema tangulieni."

Wakaenda. Ule ni msitu mchanganyiko, kila mti umejiotea na wa jamii nyingine: misonobari ya giza mwanzoni, kisha miti myeupe yenye magome yanayobanduka, kisha vile vichaka vya majani ya miiba vinavyokamata mikono ya sweta, na chini kote maua ya buluu. Bridget alisimama mara kwa mara kupumzika, na kila aliposimama alisema, Mama alipita hapa, na Malcolm akasema ndiyo. Alisema, uliteseka peke yako na mimi nimelala kule kitandani. Malcolm akasema si kitu. Katika maisha yake yote hajawahi kutembea njia ndefu kama ile, naye ameizoea tangu utoto.

Harold alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwaloni, na koti lake la Jumapili, chupa ya chai ubavuni na vikombe viwili mbele yake. Kimoja alikuwa amekifunika kwa jani.

"Bridget," alisema. "Kumbe safari za mbali zinarudi. Mama yenu mmemwacha wapi?"

"Yuko kule maegeshoni, Baba. Anapokea watu."

"Ah. Ndiye huyo." Harold alitikisa kichwa, akatabasamu. "Aliniambia nisubiri, atanifuata. Nikasema labda amekutana na Enid njiani. Wakikutana wale, jua linazama."

"Anasema huwa anashuka asubuhi tu."

"Anashuka?" alisema Harold. Alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole hata alipokuwa hai, na hakuwahi kumbishia mkewe. "Basi labda hupita nikiwa nimelala. Mwambieni chai haijapoa."

Kisha akamtazama mwanawe. "Uko salama wewe? Umekuwa mwekundu."

"Ni ule mlima, Baba."

"Hapa hakuna mlima," alisema Harold. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu aliyepata nafasi ya kupajua mahali pale.

Malcolm akageuka, akaweka kiganja kwenye gome la mwaloni. Bridget alidhani analia kwa kumkumbuka mama yao, akamwacha. Ni kweli alikuwa analia. Harold akammiminia binti yake chai, si kwenye kile kikombe kilichofunikwa bali kwenye kifuniko cha chupa, na wakazungumza habari za kondoo wa New Zealand mpaka miguu ya Bridget ikachoka.

Waliporudi tulikuwa bado tupo. Sijivunii. Bi Enid alikuwa amemzungusha mbwa wake maegesho yote mpaka mbwa akakaa chini akakataa.

"Baba anasema chai haijapoa," alisema Bridget.

Bi Winifred alifungua kifungo kimoja cha koti lile la mvua, akakifunga tena. Uso wake, ambao tumeuzoea kwenye mvua na theluji ukisema afadhali ya jana, kwa dakika moja haukusema kitu. Nilitazama viatu vyangu, na nadhani kila mtu pale alitazama vyake.

"Alikuwa na skafu?" aliuliza.

"Hakuwa nayo."

"Nilijua tu." Akavuta pumzi. "Ukimwona tena mwambie nakuja."

Bridget akashika mkono wa kaka yake, akaubana.

"Malcolm, nina neno na ni vizuri Mama asikie. Siku yangu ikifika sitaki kubaki kule. Nataka nirudishwe hapa, kwenye mwaloni, nao. Na nataka unilete wewe. Wanangu nawapenda lakini hawana subira, watanimwaga popote. Wewe Mama ulimfikisha."

Hapo ndipo Bi Winifred alipomtazama mwanawe, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakukuwa na hasira. Alimtazama jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyepewa keki ugenini akasahau kushukuru. Malcolm akayatazama macho yale, akatutazama sisi mmoja mmoja, na sisi, ambao tungeweza kusema, tukawa na shughuli na mbwa.

"Mjibu mwenzako," alisema Bi Winifred.

"Nitakuleta," alisema Malcolm.

"Ahsante," alisema Bridget, akambusu shavuni.

Wakaagana na mama yao, wakaingia garini. Malcolm alisogea hadi mdomo wa maegesho, lakini magari ya barabarani yalikuwa mengi, ikabidi asubiri, na dirisha lake lilikuwa wazi. Gari la wageni, watu wa mjini waliokuja kutazama maua, likaingia na kusimama karibu na pipa. Mwanamke aliyekuwa akiendesha akashusha kioo.

"Samahani, mama. Ule mwaloni mkubwa uko mbali?"

"Wala," alisema Bi Winifred. Akanyoosha mkono kuelekea msituni, mbali kadiri ulivyoweza kwenda. "Pita misonobari, pita miti myeupe, ukifika kwenye miiba shika kushoto. Utauona tu, na kuna bwana amekaa chini yake, msalimie. Ni kuzuri sana huko. Mimi sijafika bado."