Macho kwenye Banda la Mseti

Adero alipokuwa anacheza, kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya banda karibu na mlango, komeo limefungwa, mtu asiingie. Hayo masharti aliyaweka mwenyewe. Alisema, "Ghati, mtu mmoja tu akiniona, mimi nimeacha. Hata mkinifunga kamba sirudi."

Nilimwelewa. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa mnene kiasi kwamba kilima cha kwetu Kemambo kilimmaliza pumzi. Mama yake ameolewa Kisumu, akamleta akae kwa muda kwa bibi yake, Bibi Agustina. Bibi akafurahi, akamlisha. Asubuhi uji wenye sukari nyingi, mchana ugali na nyama, soda kila akitaka. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye shamba la Bibi, na alitaka kila anayepita aone kwamba nyumba ile sasa inakula. Siku Adero alipoanguka jikoni tukampeleka Tarime mjini. Daktari akapima damu, akasema sukari iko mlangoni, bado haijaingia. Apunguze vitamu, na kila siku atoke jasho.

Tukaanza kutembea naye jioni. Vijana wa senta wakamwita Karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, eti akikanyaga ardhi inatetemeka. Siku chache tu, akajifungia chumbani.

Ndipo mama yake akatuma gemu kwa lori mpaka Sirari mpakani, nikaenda kuipokea. Si gemu ya kukaa na kubonyeza. Ina kijicho kinawekwa juu ya runinga, kinakuona, na wewe unajiona humo ndani kama kivuli. Gogo likija unaruka. Mto ukija unapiga kasia. Ukisimama, kivuli chako nacho kinasimama. Kwetu umeme haukuwepo. Jenereta na runinga kubwa vilikuwa kwa Mseti, mtoto wa shemeji yake Bibi, mwenye banda la kuonyesha mpira pale senta. Mseti huyo huyo ndiye aliyekuwa na vijana wanaochimba duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye shamba la Bibi, wanagawana naye mawe. Akasema, "Mleteni asubuhi, banda huwa tupu. Huyo ni damu yetu."

Ikaenda vizuri. Kufikia mwezi wa pili wa kucheza, Adero alikuwa anamaliza mto wote bila kukaa chini. Anaisemesha runinga: "Kuja sasa, kuja, si jana ulijidai?" Sketi ikaanza kumvuka, tukaibana kwa pini. Akapata na utani. "Ghati, wewe kimila ni bibi yangu. Kuja turuke, bibi."

Na ni kweli. Bibi Agustina hakuzaa mtoto wa kiume, na mume wake alishakufa. Akanioa mimi kwa ng'ombe, kama mila yetu Wakurya inavyoruhusu, nizae na mwanaume wa nje, watoto wawe wa jina la nyumba yake. Nilikuwa nimemaliza la saba tu. Ukiolewa hivyo unajifunza kunyamaza na kuangalia.

Lile banda lilijengwa kwa mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Ndani giza, nje jua, kwa hiyo ukuta wote una vitone vyeupe. Asubuhi moja nikaona kitone kimoja kimezimika. Kikazimika kingine. Nikafikiri ni wingu. Lakini wingu halizimi tundu moja moja. Adero akaruka gogo, na nje ya bati nikasikia mtu anacheka amejiziba mdomo.

Nikamwambia Adero naenda kuteka maji. Nikazunguka nyuma.

Walikuwa wamechuchumaa mstari mzima, wachimbaji wenye matope mpaka magotini, kila mmoja na tundu lake. Mseti amesimama pembeni na kofia mkononi, anapokea hela.

"Subiri gogo," mmoja alikuwa anamwambia mwenzake. "Akiruka hapo, utasema tetemeko."

"Mseti," nikasema.

Akageuka taratibu. "Aa, mke wa mama mkubwa. Karibu, tundu lipo."

"Unafanya nini hapa?"

"Unadhani mafuta ya jenereta yananyesha na mvua? Mtoto kavaa nguo zake zote. Hawa wanaangalia sinema."

"Sinema yenyewe ni mtoto wa nyumba yetu."

"Nyumba yenu ipi? Wewe umeolewa na sketi. Kama umechukia, kamwambie mume wako."

Wakacheka, lakini taratibu, Adero asisikie. Hilo ndilo lililonichoma kuliko tusi lenyewe. Walikuwa wanamtunza asijue, kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Nikaenda kwa Bibi. Alikuwa anachambua maharage uani. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Wamemgusa?"

"Hapana, mama."

"Basi. Mseti akikasirika ataondoa vijana wake. Utashuka shimoni wewe? Mtoto anapungua. Si ndicho mlichotaka?"

"Akijua ataacha."

"Asijue."

Akaendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku. Nilitamani kumwaga ule ungo. Nilikuwa na hasira na Mseti, lakini Mseti ni Mseti. Huyu alikuwa amemlisha mtoto ili watu waone, na sasa watu walikuwa wanaona.

Jioni nikamwambia Adero mwenyewe. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Ile siku nilianguka nikajicheka, walikuwepo?"

"Sijui."

Akageukia ukutani. Asubuhi nikamwamsha, akasema, "Wacha sukari iingie. Hata yenyewe haitanicheka."

Nikachukua kigoda, nikapanda mpaka kwenye duara.

Wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Chakula chao tunakiacha mbali, wanakuja kukichukua. Mimi nikaweka kigoda pale pale kwenye mdomo, karibu na kamba wanayoshukia, nikakaa.

Machage, kiongozi wao, alikuja mbio kisha akasimama mbali. "Dada, wewe ni mdogo kwangu lakini leo shikamoo. Toka hapo."

"Mlitaka kuangalia. Niangalieni."

"Utatuharibia."

"Ndiyo."

Waliokuwa chini wakasikia sauti ya mwanamke, wakapanda mmoja mmoja, na hakuna aliyekubali kurudi. Hakuna aliyethubutu kunigusa pia. Mke aliyetolewa ng'ombe, ukimwekea mkono, hiyo ni kesi ya ukoo mzima.

Bibi akaja na fimbo yake, ananifokea kwa Kikurya tangu mbali. Nikamwacha amalize.

"Mama," nikasema, "ng'ombe wako wapo kwa baba yangu. Ukinichoka, kawadai. Mimi siondoki hapa mpaka runinga, jenereta na gemu viwe nyumbani kwako, na kila asubuhi mtoto acheze huko."

Akanitazama tumbo, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana. Hiyo ndiyo nyumba yake yote. Akashusha fimbo.

Mseti naye akafika, anacheka. "Wanaume wazima mnaogopa kigoda?"

"Shuka wewe basi," Machage akamwambia.

Mseti akalitazama shimo, akanitazama mimi. Hakushuka.

"Lete mashine ya mtoto," Machage akasema.

"Na nyinyi si mlilipa kuangalia?"

"Lete mashine, Mseti. Tumekaa bure tangu asubuhi."

Wakati wanabishana nikamwona Adero, habari zimeshamfikia nyumbani. Alikuwa anapanda kilima peke yake, jua kali, anasimama, anashika magoti, anapumua, anaendelea. Wanaume wote wakamwona. Kuna aliyeanza kusema "Kara..." na hakumaliza. Mtoto alifika, nguo imemganda mgongoni, akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Nani alilipa?" akauliza, bado anahema. "Wewe? Na wewe? Leo ni bure. Angalieni."

Wakaangalia chini. Mseti akaangalia pembeni, kisha akaanza kuteremka kuelekea senta, anatembea haraka kama mtu aliyesahau kitu.

"Anaenda kuleta?" Adero akaniuliza.

"Sijui. Pengine anaenda kujificha."

"Sasa ukiinuka kabla haijafika nyumbani, Ghati, mimi na wewe hatuongei tena."

"Nani kakwambia nainuka?"

Nikasogea nikampa nusu ya kigoda. Hakikututosha, tukakaa migongo imeegemeana, yeye anatazama wanaume, mimi natazama njia, mpaka Mseti alipotokea kule chini akisukuma toroli yenye runinga iliyofungwa kamba.