Alama ya Dobi

Mzee Mwinyimvua, dobi wa chini ya ngazi pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, hakuwa anafua na kupiga pasi tu. Alikuwa anafundisha watu adabu. Ukimpelekea suti umeikunja ndani ya mfuko wa rambo, aliitoa kwa ncha za vidole, akaitandaza mezani, akaitazama, kisha akakuuliza kwa upole wa kuudhi: "Huyu kakukosea nini?"

Hapo somo limeanza, na hukuondoka mpaka liishe. Suti siyo soksi, haifuliwi kila ikivaliwa. Inapigwa brashi, inatundikwa kwenye henga pana, inapumzishwa kivulini siku mbili, kwa sababu hata punda hupumzishwa. Pasi haigusani na sufu uso kwa uso. Lazima kuwe na kitambaa kibichi katikati. Doa ukilipiga pasi kabla hujalitoa, umelipangisha chumba. Kanzu nyeupe inataka buluu matone mawili. Ukizidisha, utaingia msikitini umevaa shuka la wodini. Wateja walisikiliza yote haya wakiitikia kwa vichwa, maana nguo zao zilikuwa mikononi mwake na pasi yake ya mkaa ilikuwa inafuka moshi.

Mwisho wa somo huja maneno yaleyale: "Miaka thelathini na moja nipo hapa. Kwangu haijapotea hata leso." Aliwaambia wateja, aliwaambia wapita njia, aliwaambia hata waliokuja kuulizia tu soko liko upande gani. Hakuna aliyekuwa amemtuhumu. Mwenyewe tu aliona kuna haja ya kuliweka wazi jambo hilo mara kumi kwa siku.

Ngazi zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za Elisaria, mfanyabiashara wa jumla wa ndoo na mabeseni, mwenye jengo lote la ghorofa nne. Elisaria alimwachia ile kona kwa hisani, na ili hisani isije ikasahaulika, aliitaja kila alipopanda na kila aliposhuka.

Jumatano moja akashuka amebeba suti ya kijivu kwa mikono miwili, kama anayempeleka mtoto kubatizwa.

"Mzee, Jumamosi ni sendofu ya Vicky, tunamuaga binti," alisema. "Hii suti kaniletea shemeji yangu. Kutoka Italia. Umesikia? Italia. Naitaka Ijumaa jioni, imenyooka mpaka inzi ateleze."

"Ondoa shaka, Baba Vicky," alisema Mwinyimvua, na macho yake yakatua kwenye mkono wa kushoto wa koti, juu kidogo ya vifungo. Pale palikuwa na lebo.

Sasa hapa tuelewane. Lebo ya mkononi hushonwa nyuzi mbili tatu ili muuza duka ajue anauza nini. Mnunuzi akifika nyumbani, anaitoa. Lakini Kariakoo ilishapitisha sheria yake siku nyingi. Ukiitoa lebo, nani atajua suti yako ni mpya? Watadhani ulikuwa Mchikichini, umeinama juu ya balo la mitumba unagombea mkono wa koti na wenzako. Basi lebo inabaki. Inakwenda harusini, inakwenda ubatizoni, inakwenda msibani, miaka na miaka, mpaka herufi zinafutika. Watu wakipeana mikono, lebo ndiyo inatangulia kusalimia.

Mwinyimvua hakuweza kuvumilia. Ingekuwa ya mtu mwingine angenyamaza, lakini huyu ndiye mwenye ngazi, na alitaka kumfanyia wema. Akachukua wembe, akaitoa lebo taratibu, kama unavyomtoa mwenzako mchicha kwenye meno kabla watu hawajamcheka. Akafungua na uzi uliofunga mpasuo wa nyuma. Kisha akalitundika koti, akajiona mstaarabu.

Alhamisi asubuhi Elisaria akapita. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Lebo iko wapi?"

"Ipo, Baba Vicky, nimekuhifadhia. Ile huwa haivaliwi."

"Haivaliwi kakwambia nani?"

"Ndivyo ilivyo. Koti likinyooshwa vizuri halina haja ya kuandikwa."

"Umenifanyia mtumba!" Elisaria alipaza sauti, na ghorofa zote nne zikasikia. "Jumamosi wakwe wanatoka Moshi na basi zima, wanikute nimevaa mtumba? Kwenye sendofu ya mwanangu?"

Kariakoo hakuna mtu mwenye nafasi, kila mtu ana haraka zake, ila ugomvi ukitokea nafasi hupatikana. Muuza kahawa akaweka birika chini. Wauza mikanda wakasogea. Mama mmoja aliyekuwa anapatana bei ya vitenge akaacha kitenge hewani.

"Kabla ya kesho jioni lebo iwe mahali pake," alisema Elisaria, sasa akiwahutubia wote. "La sivyo, hiyo kona kuna watu wa vocha za simu wananililia kila siku, nami nilikuwa nakuonea huruma tu."

Hilo la huruma ndilo lililomchoma Mwinyimvua, maana lilisemwa mbele za watu. Na alikuwa na la kujibu. Tangu jana alishaona kwamba uzi ulioshona lebo ni uzi wa kawaida kabisa, wa hapahapa, na kwamba bitana ya kwapani ina kiraka kidogo cha rangi nyingine. Italia gani hiyo inayotia viraka makwapani? Hii suti fundi wa Mchikichini ameikarabati, ameiziba mifuko kwa uzi ili ionekane haijawahi kutiwa mkono, ameibandika lebo, na shemeji ameingizwa mjini. Au Elisaria mwenyewe.

"Italia?" alisema Mwinyimvua. "Ngojeni niwaonyeshe hiyo Italia."

Akalipindua koti ndani nje mbele ya kadamnasi. Kila mtumba una siri yake ndani: jina la mwenyewe kwa wino, au kikaratasi cha drai klina ya Ulaya. Akapitisha wembe kwenye mshono wa mfuko wa ndani, akaivuta bitana, akainama aone vizuri. Watu nao wakainama.

Akaona nyuzi tatu nyekundu na fundo moja jeusi.

Kila dobi ana alama yake, anayoishona mahali ambapo mwenye nguo hatazami, ili nguo za watu zisichanganyike. Ya Mwinyimvua ilikuwa nyuzi nyekundu, kila mteja na idadi yake, na fundo jeusi mwishoni alilofundishwa na marehemu baba yake. Dar es Salaam nzima hapakuwa na dobi mwingine mwenye fundo lile. Nyuzi tatu alikuwa ni Samson, karani wa bandarini, marehemu.

"Haya," alisema Elisaria. "Umeona nini?"

Mwinyimvua akairudisha bitana ndani haraka, akaipapasa kama anayemfunika mtoto.

"Sema basi!" muuza kahawa alimhimiza.

"Italia," alisema Mwinyimvua.

"Hatusikii!"

"Ni ya Italia. Nimeona maandishi."

Watu waliguna, wakatawanyika wakiwa wamekasirika, kama walionyang'anywa kitu chao. Elisaria akajirekebisha mkanda. "Kubishana na watu waliotembea nchi za watu!" alisema, yeye ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia mpakani Namanga, na akapanda ngazi zake.

Mwinyimvua alikaa kwenye kigoda. Miaka minne iliyopita Samson aliileta suti ile mwenyewe, akasema ataifuata wiki ijayo. Wiki ijayo hakuja, wala mwezi. Mwinyimvua alisikia anaumwa. Hakwenda kumwona, kazi zilikuwa nyingi. Alikuwa na shida zake siku zile, na nani hana shida? Mtu wa Mchikichini akapita, akaipenda, akaichukua. Ilikuwa rahisi kuliko kutoa pindo la suruali. Wala haikuwa ya kwanza. Nguo zilizosahauliwa na wenyewe zilikuwa na tabia ya kutoweka pale chini ya ngazi, lakini hizo yeye hakuzihesabu kuwa zimepotea. Alijua fika zimekwenda wapi.

Kisha akaja Celina, mke wa Samson, kitenge kiunoni, macho yamevimba. "Nimefuata suti ya Samson," alisema. "Tunamsafirisha kesho Kilimanjaro. Nataka azikwe nayo."

Na Mwinyimvua, bila hata kupepesa macho, akamjibu: "Pole sana, Mama Heriel. Lakini mbona Samson alikuja mwenyewe kuichukua? Tazama vizuri kabatini."

Celina alimtazama kidogo. Akasema, "Haya," akaenda zake. Samson akazikwa na shati.

Na hakuna kilichotokea! Celina hakurudi kuuliza. Tena aliendelea kumletea nguo kila wiki, magauni ya kanisani, mashati ya mwanawe Heriel, miaka yote minne. Mwinyimvua aliuchukulia uaminifu ule kuwa hati ya kuachiwa huru. Mtu gani angeendelea kumletea nguo mwizi?

Lakini Celina anaimba kwaya moja na mke wa Elisaria. Jumamosi atakuwa ukumbini, meza za mbele, na suti itapita mbele yake ikicheza muziki, ina kiraka chake kwapani na mikono yake hewani.

Ijumaa asubuhi Mwinyimvua alitia mkaa kwenye pasi, akaupepea mpaka ukawa mwekundu. Wazo lilikuwa jepesi. Nguo kuungua ni ajali. Dobi gani hajawahi kuunguza? Kona itakwenda kwa watu wa vocha, ndiyo, lakini watu watampa pole. Kufukuzwa kwa kuunguza kunasameheka. Kuuza suti ya maiti hakusameheki. Akalitandaza koti, hakuweka kitambaa kibichi, akaishusha pasi juu ya kifua cha koti, akafumba macho.

Harufu ya sufu ikaanza kupanda. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Akaushusha tena, ukanyanyuka tena. Miaka thelathini na moja mkono ule haujafundishwa kitu kingine, na siku alipouomba msaada mmoja tu, ulikataa. Badala yake ukachovya kitambaa kwenye maji, ukakikamua, ukaanza kazi: kola, mabega, mikono, mpasuo wa nyuma, mstari wa suruali. Mwinyimvua aliutazama kwa hasira. Hajawahi kunyoosha suti vizuri kiasi kile. Akamaliza kwa kuishona lebo mahali pake, nyuzi ndogondogo, safi kuliko za fundi wa Mchikichini.

Mchana Elisaria alikuja kukagua. Akaitazama lebo, akatabasamu, akasema atatuma mtu aichukue baada ya magharibi. "Kaa kwa amani, mzee," alisema. "Kona yako hii hakuna wa kuigusa." Mwinyimvua akashukuru.

Baada ya alasiri akaja Celina na gauni la hariri la rangi ya zambarau, amelilaza juu ya mkono.

"Shikamoo, Mzee Mwinyimvua."

"Marahaba, Mama Heriel, marahaba!" Akasimama haraka katikati ya mama huyu na suti. "La kesho hilo? Lete. Hariri hii haitaki moto, unajua. Unaigeuza ndani nje, halafu..."

Celina hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama juu ya bega lake. Akampita, taratibu, akaunyanyua mkono wa koti, akachungulia moja kwa moja kwapani, kama mtu anayejua anachokitafuta. Akakigusa kiraka kwa kidole.

"Hiki nilikitia mimi," alisema. "Sikupata bitana, nikakata kwenye sketi yangu."

"Mama Heriel, nguo zinafanana. Hii ya Baba Vicky, imetoka..."

"Ulisema Samson alikuja mwenyewe kuichukua."

"Nili... siku zile watu walikuwa wengi sana hapa, nikaona kama yeye."

"Samson alikuwa hasimami. Miezi miwili. Tulikuwa tunamgeuza kitandani, mimi na Heriel."

Mwinyimvua akatafuta kigoda kwa mkono, hakukipata, akabaki amesimama.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Tangu ulipofungua mdomo."

"Sasa mbona uliendelea kuniletea nguo?"

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kuniambia." Hakupandisha sauti. "Kila wiki nikija nasema, leo ataniambia. Ungesema tu, mzee, nimeuza, nisamehe, ningekusamehe palepale, kufiwa kunachosha. Miaka minne. Wewe unaniambia habari za buluu."

"Nisamehe, Mama Heriel." Alisema kweli.

"Umesema kwa sababu nimeiona."

Akaurudisha mkono wa koti mahali pake, akaunyoosha kwa kiganja, kwa uangalifu, jinsi mke anavyomtengeneza mume anayetoka. "Mwachie Elisaria avae. Siwezi kumvua mtu nguo siku ya mwanawe."

Kisha akalichukua lile gauni la hariri, akalikunja vibaya, akalisokomeza kwenye mfuko wa rambo. Mwinyimvua alifungua mdomo amwambie hariri haikunjwi hivyo, akaufunga.

"Utavaaje hilo kesho, na makunyanzi yote hayo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hivihivi," alisema Celina. "Wakiniuliza, nitawaambia sina dobi."

Akaondoka kuelekea Mtaa wa Msimbazi, na Mwinyimvua hakuthubutu kumwita.