Kiwiko cha Baba Riziki

Mizinga inanguruma ng'ambo ya mto tangu asubuhi, na Nabintu, kipofu tangu angali mchanga, amechoka kutega sikio. Mumewe, Baba Riziki, alitoka jana kutafuta maji na hajarudi. Majirani wote wameshakimbia, wifi yake anafunga mizigo, na yeye pale mkekani usingizi unamchukua. Anavuka kizingiti na lo, anaona! Anaona, jamani! Barabara inajikunja, inajikunjua, inamfikisha mji wa nyumba za vioo, na ndani ya kila kioo kuna barabara nyingine iendayo mji mwingine, naye anacheka peke yake kama mwehu, mpaka anakumbuka alichokuja kutafuta. Njia panda ameketi mtu asiye na uso. Samahani baba, hujamwona mume wangu? Yuko pale macho yako yasipofika, anajibu yule. Mara milango yote inafunguka, wanatoka wanaume, na kila mmoja anasema, ndimi Baba Riziki, twende nyumbani. Sauti yao ni ileile moja, ya mumewe, maana mji huu hurudisha sauti kama unavyorudisha sura. Moyo unamlipuka paa. Uso wa mumewe hajapata kuuona; ataujuaje? Anamchagua mmoja mrefu, mzuri kweli kweli, anayetabasamu. Yule anamdaka mkono na kumkokota, haraka, haraka, na nyuma yao barabara inayeyuka. Nabintu anaingiwa na hofu. Baba Riziki hajamvuta hata siku moja. Yeye humpa kiwiko, akatangulia kidogo, na mke akapanga mwendo mwenyewe. Niache! anafoka, anajinasua. Mizinga imemfuata hadi huku, vioo vinapasuka. Ukiyafumba macho hayo huyapati tena, anaonya asiye na uso. Basi yachukue, anasema Nabintu, na inamuuma, maana ameyapenda, ameipenda hata rangi ya vumbi. Anafumba. Viganja vinamshika, vinamvuta, anavisukuma, mpaka kiwiko kinakuja taratibu ubavuni mwake, kinangoja. Baba Riziki, mbona hurudi? Mguu, mke wangu. Niko chini ya daraja, siwezi kutembea.

Wifi, amka, tunaondoka! Mtu anamtikisa bega. Nabintu anapapasa fimbo yake. Kaka yako yuko darajani, ameumia mguu. Umeota wewe! Darajani ndiko wanakopigana, na huoni, utafika wapi? Kwani nyie mnaoona, nani amekwenda kumtafuta? Nabintu anatoka nje, risasi zinapita juu zikilia. Giza ni lilelile, na hajui kama ameamka au bado yuko kule, amefumba macho tu. Angeweza kujaribu kuyafumbua, ajue moja. Hajaribu. Anageukia mtoni, kule mizinga inakolia, anaanza kutembea.