Mji wa Walioshiba

Nitawasimulia ndoto niliyoiota mchana kweupe, na msinicheke kabla sijamaliza, maana mimi si mtu wa kuota-ota. Mimi ni mpishi. Kwa miaka thelathini na tatu hapakuwa na harusi wala hitima katika upande wetu wa Korogwe iliyofanyika bila Bi Mwanakombo kusimama mbele ya masufuria, kanga kiunoni, mwiko mkononi, akiwafokea wanaokata vitunguu vikubwa. Nimelisha watu ambao leo wajukuu zao wanaoa. Kisha magoti yakagoma, wenye shughuli wakaanza kukodi wapishi wa kofia nyeupe, na simu yangu ikanyamaza. Ikanyamaza mwezi, ikanyamaza mwaka, na jiko langu nalo likaanza kunyamaza.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Mume wangu, Mzee Semhando, ana kisukari, na muuguzi wa zahanati alishamwonya asimeze vidonge vyake tumbo likiwa tupu. Asubuhi ile hapakuwa na cha kula, na usiku uliotangulia hapakuwa na cha kula, lakini yeye ni mtu wa ratiba. Saa ya dawa ilipofika akameza. Kufika saa tatu alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, na akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikakwangua kopo la sukari nikapata kijiko kimoja, cha mwisho, nikamlambisha huku nimemshika kichwa, mpaka macho yake yakanitambua tena. Nilijua kesho vidonge vitakuwepo na sukari haitakuwepo. Nilikuwa bado nimemshika niliposikia hodi.

Alikuwa Mwajabu, katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu. Kikundi hicho hukusanya unga, maharage na mafuta kwa wenye nafasi na kuvigawa kila Ijumaa kwa wasio nacho, na siku ile alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake kwapani.

"Shikamoo, Bi Kombo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai, bibi. Orodha tunaifunga leo alasiri, mpaka mwezi ujao tena. Nikasema nisiipite nyumba yako. Nikuandike?"

Sasa ninyi mnajua tulivyolelewa. Ukimkuta mtu anakula atakukaribisha, na wewe, hata kama tumbo linanguruma, utasema ahsante, nimeshiba. Mtoto aliyesahau alifinywa paja wageni wakishaondoka. Jibu hilo limekaa mdomoni mwetu tangu tunaota meno, na hutoka kabla swali halijaisha. "Sisi tumeshiba, mwanangu," nikasema, tena nikatabasamu. "Waandike wenye shida." Mwajabu akanitazama kidogo, akalirudisha daftari kwapani, akaenda nyumba ya pili. Mume wangu alikuwa amelala nyuma ya pazia na alisikia kila neno. Nikamsikia anageukia ukutani. Ningeona afadhali anitukane.

Baada ya adhuhuri nilijifunga kanga tumboni nikaikaza sana, nikajilaza mkekani, nimemkasirikia mume wangu kwa kuugua, na wapishi wa kofia nyeupe, na Mwajabu kwa kuuliza, na zaidi ya wote ulimi wangu mwenyewe. Nikiwa katika kuwagombeza mmoja mmoja, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika mji nisioujua. Barabara zake zilikuwa zimefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana, kuta zimepakwa chokaa, mapazia yote yamefuliwa na yanapepea madirishani. Ulikuwa mji mzuri, lakini ulinitisha, na ilinichukua muda kujua sababu yake. Haukuwa na harufu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na hapakuwa na kitunguu kilichokaangwa popote, wala moshi, wala mtu anayekuna nazi. Langoni alisimama mama mmoja mrefu, kitenge chake kimepigwa pasi hadi kinakaribia kusimama chenyewe, na mkononi ana kikombe cha kaure kilichojaa vijiti vya kuchokolea meno. "Karibu Sitara," akaniambia. "Mimi ndiye Fahari, mlinzi wa lango. Chukua kijiti chako, mpishi. Humu ndani kila mtu ametoka kula." Nikachukua. Na kweli, mbele ya kila mlango watu walisimama wakichokoa meno na kukaribishana, huyu akisema karibu chakula, yule akijibu ahsante nimeshiba, karibu na kwangu, ahsante nimeshiba, na mifupa ya mashavu imewatoka wote. Mungu anisamehe, nami nikaanza kuchokoa, na nikajisikia vizuri.

Jua liliponizidi niliingia katika nyumba moja kutafuta kivuli. Sebuleni nilimkuta bwana mmoja mpole, kandambili miguuni, anakunja nguo za mwenye nyumba kwa utaratibu mkubwa. Nikamwamkia nikamuuliza jina, akaniambia yeye ni Njaa. Nikasema haiwezekani, Njaa ninayemjua mimi ana kucha, na watoto wenye matumbo makubwa humfuata nyuma. Akacheka taratibu, akaendelea kukunja.

"Huko huwa nafika wakati wa ukame na vita, nikiwa na haraka," akasema. "Katika miji kama huu nahamia polepole, mpangaji mstaarabu. Mwezi wa kwanza nachukua matunda tu, na hakuna anayeuliza yamekwenda wapi. Mwezi wa pili nachukua maharage, nawaachia ugali. Kisha nauchukua mlo wa mchana, na mama mwenye nyumba anasema siku hizi hana hamu ya kula mchana. Namfundisha kumpakulia mwenzake na kusema yeye ameonjaonja jikoni. Nikishazoea, nachukua usingizi, halafu subira, ndipo wanaanza kugombana kwa ajili ya kijiko kilichoanguka. Na siku moja naweka dawa mkono huu na unga mkono huu, nawaambia wachague kimoja. Mtu anaweza kuwa mnene, bibi, na mimi nimo ndani yake nimetandika kitanda."

Nilitaka kumwambia anasema uongo, lakini nilishindwa. Maneno hayo ya kuonjaonja jikoni nilikuwa nimeyasema juzi tu, na jikoni kwenyewe hapakuwa na cha kuonja. Nikamuuliza ni kitu gani kinachomfanya ahame. Akashusha shati alilokuwa analikunja, akatazama mlangoni.

"Kutajwa jina," akasema. "Mtu akisimama mlangoni kwake akanitaja, nafungasha. Si siku hiyo hiyo, lakini nafungasha. Bahati yangu watu wa hapa wana adabu sana."

Nikatoka mle ndani mbio kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, na hapo barabarani ndipo nilipopata harufu ya kwanza. Wali wa nazi, na maharage yaliyoungwa kwa pilipili hoho. Pua yangu haikosei. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na sufuria kubwa kichwani, shingo imezama mabegani kwa uzito, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alibisha mlango wa kwanza, akauliza kwa unyenyekevu, "Jamani, mna haja ya chakula?" Wakamjibu wameshiba. Akabisha wa pili, wameshiba. Wa tatu hawakufungua hata mlango, walipitisha kijiti cha meno dirishani ili akione. Jina lake lilikuwa limetariziwa pembeni mwa kanga yake: Hisani. Nikamfuata, na ninyi mnanijua, sikuweza kunyamaza.

"Dada, huoni kwamba wanakudanganya? Hebu watazame hayo mashavu!"

"Naona," akasema. "Lakini simlishi mtu kwa kumuumbua. Mimi nimepewa miguu ya kufika mlangoni. Komeo lipo upande wa ndani, wala sikupewa ufunguo."

"Basi tua huo mzigo upumzike."

"Hautuliki, mama. Hauteremki kichwani mpaka mtu mmoja aseme anauhitaji. Jioni unachacha, naumwaga, na kesho napika mwingine."

Wali wa nazi unamwagwa! Nilihisi damu inanipanda. Nimeshaona mengi katika kazi yangu, bibi harusi aliyezimia, sufuria iliyopasuka wageni wakiwa wameshakaa, lakini wali mzima kumwagwa huku watu wamesimama wamekauka pembeni, hilo halijawahi kutokea mbele yangu. Nikaanza kuwatukana watu wa Sitara kwa sauti, wajinga, wenye kiburi, wasio na shukrani. Hisani akaniacha nimalize, kisha akaniuliza kama mtu anayeulizia njia.

"Wewe ulipokuwa unapika shughuli, uliwahi kumkuta mwenye njaa aliyesema ameshiba?"

"Wengi! Waliokuwa wanaosha vyombo, kwa mfano. Ungewajua kwa namna wanavyowahi kujibu. Mwenye kushiba kweli hufikiri kidogo kabla ya kukataa."

"Ukawafanyaje?"

"Niliwapakulia, nikafunika sahani, nikawaambia wapeleke nyumbani. Kuna mmoja, Mama Kigoda, alilia. Alisema wanawe hawajala tangu juzi."

"Ulimdharau alipokuambia?"

"Nimdharau kwa lipi? Siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi, hata uchovu sikuusikia. Nilijiona nimepika kitu cha maana."

Hisani akasimama. Sufuria ilikuwa inamwelemea, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa uzito tu, si kwa huzuni. "Basi wewe," akasema, "furaha hiyo unamnyima nani?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaelekea mlango uliofuata, na mlango huo niliufahamu, maana bawaba yake ya juu niliifunga mwenyewe kwa waya. Ilikuwa nyumba yangu. Dirishani nikamwona mume wangu ameketi kitandani, na yule bwana mpole wa kandambili ameketi kando yake, bega kwa bega, anamfungulia vidonge kimoja kimoja na kumwekea kiganjani. Mume wangu alikuwa anatetemeka. Na mimi, sijui niliingiaje, nilikuwa tayari ndani, nyuma ya mlango, na Hisani yuko nje anabisha.

"Jamani, mna haja ya chakula?"

Nikafungua mdomo kupiga kelele, na mkono laini ukaniziba kwa nyuma. Haukuwa mkono wa ubaya. Ulinukia mafuta ya nazi, na sauti iliyonisemesha sikioni ilikuwa ya bibi yangu, ya mama yangu, ya shangazi zangu wote walionifinya paja. "Mimi ni Aibu," ikasema. "Mimi ndiye niliyekulea. Umesahau? Sema tulivyofundishana." Na ndani ya ule mkono nikasikia ulimi wangu unatamka wenyewe, vizuri kabisa, "Tumeshiba." Nikasikia nyayo za Hisani zinageuka. Mume wangu akaniangalia kutoka kitandani, akaniita kwa jina la dada yake.

Nilimng'ata. Sioni haya kulisema. Nilimng'ata Aibu mkono kwa meno yote niliyobakiwa nayo, naye akalia kwa sauti ya bibi yangu, na moyo ukaniuma kwa kumuumiza, lakini sikuachia mpaka aliponiachia. Nikaurukia mlango, nikaweka kifua chote ndani ya sauti, nikasema, "Tuna njaa! Hisani, rudi! Sisi tuna njaa!"

Nikazinduka nimekaa, koo linawasha. Jua lilikuwa limeshuka upande wa jikoni. Mume wangu alikuwa amesogeza pazia, ananitazama, na sijamwona ananitazama hivyo tangu tulipokuwa vijana.

"Umesema kwa sauti," akaniambia.

"Majirani wamesikia?"

"Nadhani hata ng'ambo ya mto wamesikia. Nenda, mke wangu. Hawajafunga bado."

Wakati nakaza kanga ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa aibu ya aina nyingine kabisa. Yule mwanamke wa ndotoni hakuwa malaika. Alikuwa Mwajabu, aliyezunguka na jua la asubuhi hadi mlangoni kwangu, akaniuliza swali la heshima, nami nikampa jibu la heshima nikamrudisha na mzigo wake. Nilidhani nailinda nyumba yangu. Kumbe nilikuwa nampakulia mgeni wangu uongo, na mume wangu ndiye aliyekuwa anaulipia kwa mwili wake.

Akina mama wa kikundi hukutana katika chumba kimoja cha madrasa, nyumba ya nne kutoka kwangu. Njia ile nimeipita na masufuria kichwani mara nyingi, na haijawahi kuwa ndefu vile. Nilipoingia, wanawake saba walikuwa kwenye benchi wanangoja kuandikwa, na wa mwisho alikuwa mke wa mwalimu, yule mwenye nyumba ya vigae na geti jekundu. Tukatazamana. Akasogea, akanipa nafasi, akanishika mkono akaendelea kuushika. Mwajabu alinyanyua kichwa kutoka kwenye daftari. Hakushangaa, wala hakunikumbusha jibu langu la asubuhi. Alifungua ukurasa uliobaki.

"Wangapi nyumbani, Bi Kombo?"

"Wawili. Mwenzangu ana sukari, hawezi kumeza dawa bila kula."

Akaandika hilo, akapigia mstari. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi, "Mara ya mwisho mmekula lini?"

Jibu la zamani lilipanda, nikalisikia likifika kooni. Nikalimeza.

"Jana asubuhi," nikasema.