Nyumba Mgongoni mwa Gaetano

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Napoli, Italia. Sijawahi kufika huko, lakini njia nilizijua.

Mbele yangu anatembea mwanamume aliyebeba nyumba mgongoni. Nyumba ya ghorofa, ina roshani, na nguo zimeanikwa. Anaitwa Gaetano. Mkewe alishaondoka, akamwachia binti wa miaka sita, Ornella, ambaye anatuchungulia dirishani.

"Unahama na nyumba, hata kuta zake?" nikamuuliza.

"Sihami, mama. Naenda kazini. Mahakama imesema mtoto akikutwa nyumbani bila mtu mzima, hata kidogo, wanamchukua. Mimi naosha vyombo hotelini. Ningefanyaje?"

Nikaona ni jibu la maana.

"Majirani je?"

"Wamenisaidia mpaka wakachoka. Siku hizi nikipiga hodi wanazima redio."

Tunafika hotelini. Mlango wa jikoni ni mwembamba, nyumba haipiti. Gaetano anajaribu kiubavu, kisha kinyumenyume.

"Taratibu," ukuta unaguna. "Nina nyufa."

Mwenye hoteli anafoka kutoka ndani: "Wewe, sahani zitajiosha? Usipoingia sasa hivi, kesho usije."

Gaetano anaitua nyumba kando ya barabara. Ananigeukia.

"Wewe una watoto?"

"Wawili. Wako shule ya bweni."

"Basi nikalie na huyu. Nikimaliza masufuria natoka."

Nikaingia. Kazi hiyo naijua. Nikamvua Ornella viatu alivyopandia kitandani, nikamchana nywele, alipolia nikamwambia anyamaze, hakuna anayemuua.

Kule watu wa ghorofani hawashuki kununua mkate. Wanateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, muuzaji anatia mkate, wanavuta. Ornella akasema baba yake atatoka na njaa. Akateremsha kikapu, akavuta, kikaja kizito. Ndani yake limekaa birika la kahawa, limevaa joho jeusi.

"Mimi ni hakimu," likasema, likitoa mvuke. "Mtu mzima yuko wapi?"

"Ni mimi."

Likanikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe umelala."

"Nimelalaje, na naongea nawe?"

"Unaota, mama. Umelala kwako Morogoro, mdomo wazi. Sheria inataka mtu mzima aliye macho. Amka, ndipo mtoto abaki."

Sikuona kasoro. Nikaanza kujifinya.

Kupitia dirisha la jikoni namwona Gaetano, povu mpaka viwikoni. Ananipungia mkono, anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Kisha anarudi kwenye masufuria.

Ornella ananidaka mkono wa gauni kwa vidole vilivyojaa mchuzi wa nyanya.

"Usiamke, mama," anasema polepole. "Ukiamka utakuwa umeondoka."

"Kaa kimya, nakuokoa," nikamjibu, nikajifinya kwa nguvu zaidi.

Nikaamka.

Kumekucha, nyumba kimya, niko peke yangu. Nikafumba macho upesi nirudi. Usingizi haukuja. Nikajaribu tena, nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikahesabu, nikaomba. Wapi.

Nilipokata tamaa nikakaa kitandani. Kwenye mkono wa gauni langu la kulalia palikuwa na alama tano za vidole, ndogo, nyekundu, bado mbichi. Zilianzia karibu na kiwiko, zikaburuzika mpaka ukingoni, pale aliponishikilia hadi nikamponyoka.