Sampuli ya Mama Ivy

Bili ilinifikia kwa simu nikiwa juu ya ngazi katika nyumba ya mtu Milimani, nikipima dirisha. Shilingi elfu arobaini na moja na mia sita. Niliisoma mara mbili, nikashuka, nikamwambia mwenye nyumba nitarudi kesho. Nilijua nikipima kwa hasira ile nitamshonea pazia fupi.

Mimi ni Waithera, nauza pazia mjini Kisumu. Miezi minne kabla ya bili hiyo nilikuwa nimegusa uvimbe kwenye titi langu la kulia, mdogo kama punje ya mahindi. Niliogopa. Sitapaka maneno rangi: niliogopa kufa na kumwacha Ivy, binti yangu wa miaka minane. Nikaenda kliniki moja hapo hapo Milimani, wakanidunga sindano, wakatoa majimaji ya kupima, wakaniambia bima italipa. Siku ya kumi msichana wa mapokezi akanipigia.

"Mama Ivy, majibu imetoka mzuri. Hakuna kansa."

Nililia mbele ya wateja, na mama mmoja akaondoka na pazia za sebule kwa bei ya kutupa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana. Sasa mtu akikupa habari kama hiyo, kisha baada ya miezi minne akakuletea bili ya kuuza ng'ombe, utamwonaje? Mimi niliona mwizi aliyenawa mikono.

Nilianzia kwa Bildad, wakala wa bima. Bildad ni mtu wa kwetu, kutoka Nyeri kama mimi, ana tai tatu na zote zina madoa ya chai. Alipokuwa akiniuzia ile bima alishinda dukani kwangu wiki mbili, ananiita Mami, ananibebea majora ya vitambaa bila kuombwa. Siku hiyo aliniita mteja.

"Mteja, hapa wameandika vipimo vya ziada," alisema, macho kwenye kompyuta. "Hizo zinataka kibali kwanza. Kliniki haikuomba kibali, sisi hatuwezi lipa."

"Sikuomba cha ziada. Nilidungwa sindano moja tu."

"Basi labda kipimo si yako?"

"Bildad, wewe ndiye uliniambia hii bima ni kama mume."

Alikuna shingo. Nafikiri hapo ndipo akili yake ilipofika mwisho, na haikuwa safari ndefu. "Kama si yako, lete barua ya kliniki, wao waweke muhuri na wewe uweke sahihi. Tutafuta hiyo dai. Bila barua, deni ni yako na kadi ya familia inasimama mpaka ulipe."

Nikatoka bila kuaga. Mtu aliyekunywa chai yangu wiki mbili alikuwa ananitisha na kadi ya mtoto wangu.

Kesho yake asubuhi niliingia kliniki kwa meneja, Bwana Wechuli. Ofisi yake ina vyeti vinne ukutani na pazia moja inayoishia shibiri nzima juu ya kizingiti cha dirisha. Anayetoza elfu arobaini na moja kuchungulia majimaji na anashindwa kununua mita mbili za kitambaa, huyo nilishindwa kumheshimu tangu mlangoni. Akaniambia nikae. Nikamwambia nimeshakaa sana kwenye bodaboda.

"Mama, hiyo sampuli ilikuwa na utata," alieleza polepole, kama anayefundisha nasari. "Ikabidi ipelekwe Nairobi, ipimwe tena na tena. Tulitaka kuwa na uhakika. Si mwishowe ulipata majibu mzuri?"

"Kwa hivyo mnanitoza furaha."

Akaita faili. Aliyeileta alikuwa Dorca wa maabara, mwanamke mfupi wa viatu vya raba, mwenye sauti ya chini hata uiname kumsikia. Sikumsalimia. Mtu aliyevaa raba ofisini sikumhesabu kati ya watu wa kusalimiwa.

Nikaichukua fomu mwenyewe. Jina: Mama Ivy. Hapo sina wa kumlaumu. Siku ya sindano yule msichana wa mapokezi aliniuliza jina, nami nilikuwa kwenye simu na mteja. Nikamjibu bila kumtazama, "Andika Mama Ivy, wewe hunijui?" Soko zima linaniita hivyo, na niliona ni kazi yake kunijua.

Lakini chini ya jina, umri: hamsini na miwili. Mimi nina thelathini na minane. Titi: la kushoto. Makao: Usenge, kule ziwani kwa wavuvi. Nilicheka mpaka wagonjwa nje wakanyamaza.

"Bwana Wechuli, niangalie vizuri. Mimi nafanana na mtu wa miaka hamsini? Mimi nafanana na mtu wa kuanika omena?"

"Mama, pole, kumbe kuna—"

"Huko Usenge hawana majina? Na nyinyi hamjui kulia na kushoto? Vyeti vyote hivyo ukutani ni vya kushona?"

Uso ulimshuka, na nakiri nilisikia raha. Nikamwamuru aandike barua, nikamsomea mwenyewe neno kwa neno: kwamba mimi, Waithera Njenga, nathibitisha sampuli namba 417 si yangu, na sihusiki na gharama zake wala majibu yake. Hilo la majibu halikuhitajika. Niliona tu kwamba linafanya barua isikike kama ya wakili. Nikatia sahihi, akagonga muhuri, nikaipiga picha na kumtumia Bildad. Bildad akajibu kwa kidole gumba, na jina Mami likarudi.

Nilikuwa nafunga mkoba nilipoona Dorca hajaondoka.

"Mama," aliuliza, "kama hii si yako, yako ni gani?"

"Yangu ni ile ya kawaida. Ya bei ya watu."

Alitoka, akakaa huko kwa muda, akarudi na karatasi nyingine. Hakunipa moja kwa moja, aliishika kwanza. Namba 418. Mama Ivy. Miaka thelathini na minane, titi la kulia, Kisumu mjini. Jicho langu likaenda kwenye bei: elfu tatu na mia tano. Nikataka hata kumwonyesha Wechuli. Kisha nikasoma mstari wa chini. Chembe za saratani zimeonekana. Mgonjwa arudi haraka. Tarehe ilikuwa ya miezi minne iliyopita.

"Jina moja, siku moja," Dorca alisema. "Namba za simu zikabadilishana. Ya kwako tuliambia huyo mama wa Usenge. Tulimpigia mara tatu arudi, akasema atakuja akiuza omena."

Miezi minne mwanamke yule alikuwa anaanika samaki akijua anakufa, na kifo chenyewe kilikuwa changu. Mimi nilikuwa nauza pazia. Ule uvimbe haukuwa tena punje ya mahindi. Niliuhisi ukikua, na kila nilipooga nilijiambia kliniki imesema mzuri. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokidharau.

Dorca hakunisubiri. Alichukua simu ya mezani, akabonyeza namba iliyoandikwa kwenye fomu ya 418, na mtu akashika.

"Min Ivy," alisema, "wach ber."

Kijaluo changu ni cha kuuzia pazia, lakini hayo nayaelewa. Mama Ivy, habari ni njema. Nikasikia upande wa pili mwanamke akianza kulia, vilevile nilivyolia mimi dukani.

"Weka simu chini," nilimwambia. Hakuweka. Nikamgeukia Wechuli, nikafungua mkoba, nikatoa simu yangu. "Bwana Wechuli, chana hiyo barua. Nitalipa yote, arobaini na moja na mia sita, sasa hivi. Andika hiyo namba 417 ni yangu."

Aliiangalia barua mezani, kisha akaniangalia mimi, kwa huruma ambayo sikuwa nimempa nafasi ya kuionyesha.

"Mama," alisema, "lakini sahihi ni yako."